Michakato Mia Tano, Kufuli Moja: Kwa Nini Kerneli Huwawekea Kikomo Wanaorejesha Kumbukumbu

Kuna aina ya kuganda kwa seva ambayo mafundi wengi hapa Arusha na Moshi huieleza kwa maneno mawili tu, kwamba RAM imejaa, na dawa yake huwa ni kununua RAM nyingine. Mara nyingi wako sahihi. Lakini ipo hali inayofanana na hiyo kwa dalili huku chanzo chake kikiwa tofauti kabisa: prosesa zote zinaonyesha kazi ya asilimia 100, na muda wao karibu wote unatumika ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, badala ya kwenye programu, diski imetulia kuliko ilivyotarajiwa, kipimo cha kumbukumbu huru kinaonyesha kwamba nafasi ipo, tena wakati mwingine ni nyingi, na bado anayeandika amri kwenye kibodi husubiri dakika nzima kabla ya kuziona herufi zake. Katika hali hiyo kumbukumbu ya kugawa haijakosekana. Kilichokosekana ni utaratibu wa nani afanye kazi ya kuitafuta, kwa sababu mamia ya michakato, yaani programu zilizo kazini, yameingia kuitafuta kwa pamoja na yanazuiana njiani.

Suala la kuweka kikomo kwa wanaorejesha kumbukumbu kwa wakati mmoja limewashughulisha wajenzi wa kerneli ya Linux kwa zaidi ya miaka 15, na ufumbuzi wake ni mgumu kuliko unavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza. Ninalieleza kwa kirefu kwa sababu vijana wanaosimamia seva za vyuo, hospitali, hoteli na kampuni za utalii katika miji hii miwili hukutana na matokeo yake kila mara, ilhali maelezo yake kwa Kiswahili ni adimu. Ninaamini pia kwamba msimamizi anayeijua njia ambayo ombi la kumbukumbu hupitia hufanya uamuzi bora kuliko anayejua namba za kubandika kwenye faili la mipangilio.

Njia ya ombi la kumbukumbu

Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika vipande vya ukubwa sawa viitwavyo kurasa, na kwenye mashine nyingi tunazotumia ukurasa mmoja una baiti 4,096. Kerneli haiachi kurasa zikae bure. Faili lililosomwa jana kutoka diskini hubakizwa kwenye RAM ili likihitajika tena lisisomwe upya, na ndiyo maana seva iliyokaa wiki nzima bila kuzimwa huonekana imejaa hata kama programu zake ni chache. Kwa hiyo mchakato unapoomba kurasa mpya, mara nyingi ni lazima kwanza nyingine zirejeshwe, yaani zitolewe kwa mwenye kuzitumia na kufanywa huru tena. Ukurasa wa faili ambao haukubadilishwa hutupwa tu, kwa kuwa nakala yake ipo diskini. Uliobadilishwa huandikwa kwanza diskini. Na ukurasa wenye data ya programu yenyewe, usio na faili lolote nyuma yake, huhamishiwa kwenye eneo la diski lililotengwa kwa ajili hiyo, ambalo mafundi huliita swapu.

Kazi hii ina watendaji wa aina mbili. Wa kwanza ni kswapd, mtumishi wa ndani ya kerneli, naye yupo mmoja kwa kila nodi ya kumbukumbu, yaani fungu la RAM lililo karibu na prosesa fulani. Seva ya kawaida yenye soketi moja ya prosesa huwa na mmoja tu. Kerneli hutunza alama tatu za akiba: ya chini kabisa, ya kati na ya juu. Kurasa huru zikishuka chini ya alama ya kati, kswapd huamshwa na kufanya kazi hadi alama ya juu ifikiwe, huku programu zikiendelea na shughuli zake bila kujua lolote. Mtendaji wa pili huingia pale kasi ya kuomba inapoizidi kasi ya kswapd. Kurasa huru zikishuka hadi alama ya chini kabisa, mchakato uliokuwa unaomba husimamishiwa shughuli yake na kulazimishwa kurejesha kumbukumbu wenyewe kabla haujapewa chochote. Huo ndio urejeshaji wa moja kwa moja. Mchakato wa hifadhidata ulioamka ili kuandika jina la mgeni anayekwenda Ngorongoro hujikuta ukipekua orodha za kurasa za mfumo mzima.

Mantiki ya utaratibu huo ni nzuri. Anayetumia sana hulipia matumizi yake, na kwa kulipia hupunguza mwendo, hivyo mahitaji na upatikanaji hukaribiana bila msimamizi kuingilia. Ubaya wake hujificha mpaka idadi iwe kubwa. Mchakato mmoja ukirejesha wenyewe hakuna tatizo, na kumi pia haidhuru. Mia tano ni jambo jingine, kwa sababu kila mchakato huamua kuingia ukiwa peke yake, kwa kuitazama alama ile ile katika nukta ile ile ya wakati, wala hakuna hata mmoja unaouliza ni mingapi imeshaingia.

Kinachoharibika ndani

Cha kwanza kuharibika ni mwendo, na chanzo chake ni makufuli. Kurasa zinazoweza kurejeshwa hupangwa kwenye orodha: zinazotumika sana upande mmoja, zisizotumika sana upande wa pili, na tangu toleo la 2.6.28 la mwaka 2008 kurasa za mafaili na kurasa zisizo na faili zina orodha zake mbalimbali. Orodha inayoguswa na prosesa nyingi lazima ilindwe, la sivyo viungo vyake vitavurugika. Kwa hiyo mrejeshaji hushika kufuli, huchomoa fungu la kurasa zisizozidi 32, huliachia kufuli, huzishughulikia kurasa hizo pembeni, kisha hulishika tena ili kuzirudisha zile zilizoshindikana. Kwa fungu dogo namna hiyo kufuli hushikwa kwa muda mfupi mno. Lakini ni kufuli la aina ambayo anayelikuta limeshikwa halali. Huzunguka papo hapo akiuliza kama limeachiwa, na kule kuzunguka ni kazi kamili ya prosesa, inayohesabiwa kama kazi nyingine yoyote. Kwenye seva yenye prosesa 32, mmoja akiwa amelishika kufuli na 31 wakizunguka, kipimo kitaonyesha asilimia 100 ingawa kazi ya maana inafanyika mahali pamoja tu. Mamia waliobaki wako kwenye foleni ya kupata prosesa, na wakipata zamu huingia kwenye mzunguko ule ule.

Kufuli la orodha lina wenzake. Kabla ya kuurejesha ukurasa, kerneli hutaka kujua kama umetumika karibuni, na ili kujua hivyo ni lazima iitafute michakato yote inayoutumia na kuikagua mmoja baada ya mwingine. Kwa ukurasa wa mchakato mmoja hilo ni jambo jepesi. Kwa ukurasa ulioshirikiwa na mzazi aliyezaa watoto maelfu, ukaguzi wa ukurasa mmoja tu ulihitaji, katika kerneli za mwaka 2009, kupita orodha ya maeneo maelfu ya kumbukumbu huku kufuli jingine likiwa limeshikwa. Wanaoendesha PostgreSQL walifikirie hili kwa makini, kwa kuwa hifadhidata hiyo huanzisha mchakato mmoja kwa kila muunganisho, yote ikiwa watoto wa mzazi mmoja na yote ikishiriki eneo kubwa la kumbukumbu ya pamoja.

Cha pili kuharibika ni kipimo cha kazi yenyewe, na hapa hesabu ni rahisi kiasi kwamba inashangaza. Kila mrejeshaji wa moja kwa moja hulenga kupata kurasa 32, ambazo ni KB 128. Tuseme mfumo umepungukiwa na MB 4 tu ili urudi kwenye usalama, na michakato 1,000 imeingia pamoja. Ikiwa kila mmoja utamaliza lengo lake bila kutazama wenzake wamefikia wapi, kurasa 32,000 zitatolewa, yaani takriban MB 131, wakati hitaji lilikuwa MB 4. Ziada hiyo ina gharama. Zilizotupwa zilikuwa kurasa za mafaili yanayosomwa kila dakika, au data ya programu iliyopelekwa swapu na ambayo itaitwa tena muda si mrefu, kwa hiyo baada ya msukosuko diski huanza kazi ya kurudisha kile kilichotolewa bila sababu. Hapo ndipo unapopatikana ufafanuzi wa ile dalili inayowachanganya mafundi, ya seva kuganda wakati kipimo kinaonyesha kumbukumbu huru kwa wingi.

Cha tatu ndicho kibaya zaidi ingawa hutokea mara chache. Kurasa zilizochomolewa na kushughulikiwa pembeni hazionekani kwenye orodha. Warejeshaji wakiwa wengi kupita kiasi, kurasa zote zinazoweza kurejeshwa huwa mikononi mwao kwa wakati mmoja, na mchakato unaofuata ukifika hukuta orodha tupu, huhitimisha kwamba hakuna kinachoweza kurejeshwa, na kerneli huchagua programu ya kuuawa ili kuokoa mfumo. Hifadhidata inauawa kwa upungufu usiokuwepo.

Wakazi wa mitelemko ya Kilimanjaro wanaolima kwa maji ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia, wanalijua tatizo hili kwa mikono yao. Mfongo ukijaa matope, watu huitwa msaragambo wa kuuzibua, na kwa kuwa mfereji ni mwembamba, hawawezi kushuka wote na majembe. Wachache huchimba, wengine husubiri ukingoni, na anayefikiwa na zamu hutazama kwanza kama maji yameanza kupita, kwa sababu yakiwa yamepita jembe lake litaharibu kingo bure. Ndani ya utaratibu huo mna mambo mawili: kikomo cha wanaoingia, na ukaguzi wa upya kabla ya kuingia. Kerneli ilihitaji yote mawili.

Pendekezo la Rik van Riel

Wazo la kuwapunguza warejeshaji lilikuwa limeshajadiliwa. Mjenzi mmoja wa kerneli, KOSAKI Motohiro, aliwasilisha mabadiliko ya aina hiyo mwaka 2008. Lakini toleo lililolifafanua suala kwa uwazi zaidi, kwa maoni yangu, ni la Rik van Riel, aliyekuwa kampuni ya Red Hat, la Desemba 2009. Lilitokana na matatizo yaliyoonekana kwenye AIM7, jaribio la mzigo linaloiga watumiaji wengi wanaofanya kazi kwenye mashine moja, ambapo mamia na hata maelfu ya michakato ilionekana ndani ya msimbo wa urejeshaji kwa pamoja.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa mafupi. Kila ukanda wa kumbukumbu, yaani sehemu moja ya nodi, ulipewa kihesabu cha warejeshaji waliomo, na kikomo cha kawaida kiliwekwa kuwa 8, msimamizi akiwa na uhuru wa kukibadilisha. Mchakato ukikuta kikomo kimefikiwa hulala, na kswapd hahusiki na kikomo hicho kwa kuwa kumzuia yeye ni kumzuia mtumishi ambaye wote wanamtegemea. Unapoamshwa, mchakato hukagua kama kurasa huru zimeshavuka alama, na zikiwa zimevuka huondoka moja kwa moja kwenda kuchukua kurasa zake bila kurejesha chochote. Mchakato uliotumiwa amri ya kuuawa wakati umelala nao huachwa uende, kwa sababu kufa kwake kutaachia kumbukumbu nyingi kuliko kazi ambayo ungeifanya.

Wanaosimulia habari ya pendekezo hili hulitaja kwa namba 8, lakini nusu ya pili ndiyo iliyobeba uzito. Kikomo peke yake kingeondoa msongamano kwenye makufuli huku kikiiacha ile ziada ya MB 131 ilivyo, kwa kuwa michakato 1,000 ingepita minane minane na mwishowe kila mmoja ungetoa KB 128 zake. Ukaguzi wa upya ndio unaoyakata mahitaji ya uongo. Van Riel alisisitiza pia kwamba ukaguzi huo utumie alama ile ile ambayo mgawaji wa kumbukumbu huitumia kuamua kama urejeshaji unahitajika. Alama mbili zikitofautiana, michakato michache yenye bahati mbaya ingebaki ndani ikirejesha kumbukumbu kwa ajili ya mfumo mzima wakati wenzao wanaichukua.

Namna ya kuwaamsha waliolala nayo ina uzito wake. Ukiwaamsha wote kwa pamoja mmoja anapotoka, mia nne watakimbilia nafasi moja na msongamano uliofukuzwa mlangoni utarudi dirishani. Ukiwaamsha mmoja mmoja, foleni hutulia, lakini kurasa zikiwa zimeshapatikana kwa wingi, walio nyuma wataendelea kulala bila sababu wakisubiri zamu ambayo hawaihitaji tena.

Anayesubiri ameshika nini

Ugumu wa kweli uko hapa, na ndiyo sehemu ambayo ningemwomba msomaji aisome polepole.

Mchakato unaoomba kumbukumbu haukuja mikono mitupu. Ombi la kumbukumbu linaweza kutokea katikati ya kazi nyingine yoyote ndani ya kerneli: katikati ya kubadilisha saraka, katikati ya kupanua faili, katikati ya kupanga upya ramani ya kumbukumbu ya programu. Wakati huo mchakato unaweza kuwa umeshika makufuli ya mfumo wa mafaili au ya ramani hiyo. Ukilazwa kwenye foleni ya urejeshaji, unalala nayo. Sasa tuseme mmoja wa wale wanane walio ndani anataka kuutoa ukurasa wa faili, na ili autoe anahitaji kufuli lililoshikwa na mmoja wa waliolala nje. Aliye ndani anamsubiri aliye nje aachie kufuli. Aliye nje anamsubiri aliye ndani atoke ili apate zamu. Hakuna atakayesogea. Mkwamo wa namna hii hautatuliwi na muda, na seva hufufuliwa kwa kuzimwa na kuwashwa.

Kerneli ina njia ya kujikinga. Msimbo unaoomba kumbukumbu ukiwa umeshika makufuli ya mfumo wa mafaili huweka bendera kwenye ombi lake, ikisema kwamba urejeshaji utakaofanywa kwa ajili yake usiguse mafaili. Ipo bendera nyingine inayokataza kugusa diski kabisa. Pendekezo la 2009 liliyasamehe maombi yenye bendera hizo: kikomo kiliwahusu tu wale wenye ruhusa kamili. Hilo huondoa mkwamo wa aina niliyoieleza, lakini haliondoi subira ndefu, kwa sababu yapo makufuli ambayo mwenye ruhusa kamili huweza kuwa ameyashika. Mfano ulio karibu nasi ni kufuli la ramani ya kumbukumbu ya mchakato. Msimamizi anapoandika amri ya ps ili aone kinachoendelea, amri hiyo husoma maneno yaliyouanzisha kila mchakato, na kwa kufanya hivyo huhitaji kuigusa ramani ya kila mmoja wao. Ikiwa mmoja tu amelala kwenye foleni huku kufuli la ramani yake likiwa limeshikwa kwa uandishi, yaani bila kumruhusu mwingine hata kusoma, ps itaganda hapo hapo, nayo zana ambayo msimamizi aliitegemea kutafuta tatizo inakuwa sehemu ya tatizo. Waliowahi kuona ps ikitoa mistari michache kisha ikanyamaza wanajua ninachokisema.

Liko pia swali la umuhimu. Foleni haijui kwamba mchakato wa 9 ni seva ya SSH, ya kuingilia kwenye mashine kutoka mbali, ambayo msimamizi anaingojea, na kwamba wanane walio ndani ni kazi za ripoti za usiku ambazo zingeweza kusubiri hadi asubuhi. Kadiri kikomo kinavyokuwa kikali, ndivyo uwezekano wa mwenye haraka kukwamishwa na asiye na haraka unavyoongezeka.

Na namba yenyewe? Nane inaweza kuwa nyingi kwenye mashine ndogo yenye prosesa mbili na diski ya kuzunguka, na ikawa chache mno kwenye mashine yenye prosesa 128 na diski za kasi zinazoweza kuhudumia maombi mengi kwa pamoja. Kanda za kumbukumbu nazo hazilingani. Kwenye mashine za x86 ukanda wa kwanza una MB 16 tu, wakati ukanda wa kawaida unaweza kuwa na mamia ya GB. Namba moja haiwezi kuzitendea haki zote. Kikomo hicho cha idadi hakikuingia kwenye kerneli kuu, na baada ya kuyapima yote haya ninaona kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa uchambuzi uliolizaa pendekezo ulikuwa sahihi vilevile.

Njia iliyofuatwa

Kilichofanyika badala yake kilikuja kwa vipande, kwa miaka mingi, na kila kipande kiliushambulia upande mmoja wa tatizo.

Kipande cha kwanza nacho ni cha Van Riel, na kiliingia kwenye toleo la 2.6.32 la Desemba 2009. Badala ya kuhesabu warejeshaji, kerneli huhesabu kurasa walizozichomoa. Kurasa zilizo mikononi mwa warejeshaji zikizidi zile zilizobaki kwenye orodha ya zisizotumika sana, mrejeshaji mpya wa moja kwa moja husubiri kidogo kabla ya kuanza. Kipimo hiki kina sifa ambayo namba 8 haikuwa nayo: hukua na kupungua kulingana na ukubwa wa kumbukumbu yenyewe, bila msimamizi kuambiwa lolote. Baadaye kikomo kilikazwa kwa wenye ruhusa kamili, ambao sasa huzuiwa mapema zaidi, kwenye sehemu moja ya nane, huku wenye bendera za kukataza mafaili au diski wakiachiwa nafasi kubwa ili wasije wakazuiwa na wale wanaowategemea. Swali la anayesubiri ameshika nini likawa limeingizwa ndani ya kipimo chenyewe.

Kipande cha pili kilikuwa kupunguza gharama ya kuwa ndani. Ile orodha ndefu ya michakato inayoshiriki ukurasa ilipangwa upya katika toleo la 2.6.34 la Mei 2010, ili kila mchakato uwe na muundo wake ulioungwa na wa mzazi kwa mnyororo, na ukurasa wa mtoto usimlazimishe mkaguzi kuwapitia ndugu zake wote. Katika toleo la 3.2, lililotoka Januari 2012, urejeshaji wa moja kwa moja uliacha kuandika kurasa za mafaili diskini. Kazi hiyo iliachiwa watumishi wa ndani wanaoweza kuipanga vizuri. Kufuli la orodha lilihamishwa kutoka ukanda hadi nodi katika toleo la 4.8 la mwaka 2016, kisha katika toleo la 5.11 la Februari 2021 likagawanywa ili kila kikundi cha udhibiti cha kumbukumbu, yaani kundi la michakato lenye mipaka yake ya kumbukumbu, kiwe na la kwake. Anayeendesha huduma zake kwenye makontena ananufaika na mgawanyo huo pasipo kufanya lolote, kwa kuwa warejeshaji wa orodha za kontena moja hawagombanii tena kufuli na wale wa nyingine.

Kipande cha tatu kilihusu namna ya kusubiri. Kwa miaka mingi mrejeshaji aliyeambiwa asubiri alilala hadi sehemu ya kumi ya sekunde, kwa matumaini kwamba diski ikipungukiwa na msongamano ataamshwa mapema. Sehemu kubwa ya mfumo wa diski iliacha kutoa ishara hiyo ya msongamano, na usingizi ukawa wa saa tu, usio na uhusiano na kinachotokea. Mjenzi mwingine wa kerneli, Mel Gorman, aliiondoa njia hiyo katika toleo la 5.16, lililotoka Januari 2022, na kuweka foleni zenye sababu: anayesubiri uandishi diskini hulala kwenye foleni ya uandishi, anayesubiri kurasa zilizochomolewa zirudi hulala kwenye foleni yake, na kila mmoja huamshwa na tukio analolisubiri au muda wake ukiisha. Wakati wa kuijaribu kazi hiyo, baadhi ya waliokuwa wakiipima waliripoti mashine zao zikisimama kwa muda mrefu kuliko zamani, na kanuni za kuwalaza wasiopata maendeleo zililegezwa. Linalostahili kukumbukwa ni kwamba kosa la kuzuia kupita kiasi humfikia mtumiaji likiwa na sura ile ile ya kosa la kutozuia kabisa.

Mfumo mpya wa kuzipanga kurasa kwa vizazi vingi, uliotoka Google na kuingia katika toleo la 6.1 la Desemba 2022, nao hupunguza mzigo ukiwashwa, kwa sababu hukagua matumizi kwa kuzipitia jedwali za kurasa za michakato kwa mfululizo badala ya kuanzia kwenye ukurasa mmoja mmoja.

Kwa mwenye seva

Anayeshuku kwamba seva yake inaumwa ugonjwa huu aanze na faili la /proc/vmstat. Vihesabu vyenye jina linaloanza na allocstall huonyesha ni mara ngapi michakato imelazimishwa kurejesha yenyewe; pgscan_direct na pgscan_kswapd huonyesha nani anapekua zaidi. Vihesabu hivi hujumlisha tangu mashine ilipowashwa, kwa hiyo cha maana ni tofauti kati ya kusoma mara mbili, tuseme kwa dakika moja. Ikiwa upekuzi wa moja kwa moja unaukaribia au kuuzidi wa kswapd saa ya msongamano, tatizo liko hapa. Kwenye kerneli za kuanzia 4.20 ya mwaka 2018, na kipengele hicho kikiwa kimewashwa, faili la /proc/pressure/memory huonyesha moja kwa moja asilimia ya muda ambao kazi zilikwama kwa ajili ya kumbukumbu, na mstari wa pili wa faili hilo, unaohesabu muda ambao kazi zote zilikwama kwa pamoja, ndio wa kuogopwa.

Hatua ya kwanza ni kumwamsha kswapd mapema. Tangu toleo la 4.6 kuna mpangilio uitwao watermark_scale_factor, unaoamua umbali kati ya alama za akiba kwa sehemu za elfu kumi za kumbukumbu. Thamani ya kawaida ni 10, yaani asilimia 0.1, kwenye seva ya GB 32 umbali huo ni takriban MB 32, na hifadhidata inayopokea maombi ya mawakala wa safari katika msimu wa Juni hadi Oktoba inaweza kuzimaliza MB hizo kabla kswapd hajapata zamu ya prosesa. Kuipandisha hadi 100 humpa nafasi ya takriban MB 320 za kufanyia kazi, kwa gharama ya kumbukumbu kiasi hicho kukaa huru.

Hatua ya pili ni kuzitenga kazi zisizo na haraka, kama ripoti na nakala za akiba, kwenye kikundi cha udhibiti chenye memory.high, ili zikivuka kiasi chake zipunguzwe mwendo na kurejesha kumbukumbu ya kikundi hicho, kabla hazijaufikisha mfumo mzima kwenye alama ya chini.

Hatua ya tatu iko nje ya kerneli, na kwa seva nyingi za miji hii ndiyo ninayoiweka mbele ya kununua RAM. Mamia ya michakato huingia kwenye urejeshaji kwa sababu kuna mtu aliyeruhusu mamia ya michakato. Hifadhidata iliyopangiwa miunganisho 500 kwenye mashine yenye prosesa 8 haiihudumii 500 kwa haraka zaidi ya 40. Huiacha tu ikutane yote mahali ambapo hakuna taarifa za kuamua nani atangulie. Programu ya kugawa miunganisho ikiwekwa mbele ya hifadhidata, ikiruhusu 40 na kupanga foleni ya waliobaki, foleni hiyo huwa mahali ambapo umuhimu wa kila ombi unajulikana na ambapo ombi linaweza kukataliwa kwa ujumbe unaoeleweka. Ombi la 41 litasubiri hapo likiwa halijashika kufuli lolote la kerneli, na mteja akichoka na kulifuta, hakuna mchakato mwingine utakaokuwa umelala ukilingojea.